Kupiga hesabu ya msimu wa Grand Prix wa 1950 kwa penseli na manila

Uliza Luigi Fagioli, dereva wa timu ya Alfa Romeo, alimaliza msimu wa 1950 na pointi ngapi. Mmoja atakujibu 24, mwingine 28, na wote wawili watakuwa sahihi. Msimu ule, wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa madereva wa mbio za magari za Formula 1, ulihesabiwa kwa kanuni ambazo shabiki wa leo hakuzikuta, na orodha nyingi zinazosambazwa kwenye simu zimenakiliwa na watu wasiozijua. Ukinakili jumla ya mwenzako unarithi na makosa yake. Njia salama ni kujenga jedwali lako mwenyewe, shindano baada ya shindano, na kutoandika kitu kwa wino mpaka safu ya shindano hilo ijumlike 24.

Kazi yote inaisha kwa mchana mmoja. Ikibandikwa ukutani kwenye klabu, gereji au banda la video, inamaliza mabishano mengi ya Jumapili.

Vifaa na vipimo

Karatasi moja kubwa ya manila, ile ya shule, inatosha. Ukiwa Kampala utaipata Nasser Road au duka lolote la vitabu. Ipime kwa rula kabla ya kulipa, maana ukubwa hutofautiana: unahitaji upana wa sentimita 72 na urefu wa 48. Ikiwa ni ndogo, gundisha mbili. Chukua pia rula ndefu, penseli, kifutio, kalamu za rangi mbili na kikokotoo chochote.

Ilaze karatasi kwa upana. Safu ya majina iwe na sentimita 12. Kisha chora safu saba za sentimita 6 kwa mashindano saba, na nyingine tatu za kipimo hicho hicho: jumla yote, jumla inayohesabiwa, na ushindi. Mistari ya kulala iwe 24, kila mmoja sentimita 2: wa juu wa vichwa, 22 ya madereva waliopata pointi, na wa chini wa kujumlisha kila safu. Watu huuruka mstari huo wa chini kwa kuona ni kupoteza karatasi, na kumbe ndio unaolinda jedwali zima.

Anayependa kufanya kazi hii kwenye programu ya jedwali ya simu afanye, ila ajue hila yake moja: akiandika herufi O badala ya sifuri, programu nyingi huichukua namba kuwa neno na kuijumlisha kama haipo, wala hazilalamiki.

Kanuni tatu

Wa kwanza alipata pointi 8, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 3, wa tano 2. Wa sita aliondoka mikono mitupu. Pointi 1 ya ziada ilikwenda kwa dereva aliyekamilisha mzunguko mmoja kwa muda mfupi kuliko wengine wote (huo ndio mzunguko wa kasi), awe amemaliza shindano au gari limemfia njiani. Waliozoea kanuni ya 2019 hadi 2024 huteleza hapa, kwa sababu katika miaka hiyo pointi hiyo ilitolewa kwa aliyemaliza ndani ya kumi bora tu.

Kanuni ya pili ni ya gari la ushirika. Dereva aliyeharibikiwa aliweza kumshusha mwenzake wa timu na kuendelea na gari lake. Gari likimaliza ndani ya tano bora, pointi za nafasi hiyo ziligawanywa sawa kwa wote wawili. Hazikuzidishwa.

Ya tatu ndiyo iliyomuumiza Fagioli: kwa kila dereva yalihesabiwa matokeo manne bora tu kati ya mashindano saba. Mengine yalitupwa.

Matokeo ya kujaza

Silverstone, Uingereza, 13 Mei, mizunguko 70. Giuseppe Farina, Fagioli na Reg Parnell walichukua nafasi tatu za kwanza, wote kwa Alfa Romeo 158. Wa nne Yves Giraud-Cabantous, wa tano Louis Rosier, wote wa Talbot-Lago. Mzunguko wa kasi: Farina. Juan Manuel Fangio hakumaliza, kwa hiyo ana sifuri.

Monaco, 21 Mei, mizunguko 100. Fangio, Alberto Ascari, Louis Chiron, Raymond Sommer, Bira. Mzunguko wa kasi ni wa Fangio mwenyewe. Usishangae kuona Farina na Fagioli hawana kitu: mawimbi ya bahari yalikuwa yamelowesha barabara kwenye kona ya Tabac, Farina akateleza katika mzunguko wa kwanza, na magari mengi ya nyuma yakaparamiana.

Indianapolis, Marekani, 30 Mei. Johnnie Parsons, Bill Holland, Mauri Rose, Cecil Green, na wa tano gari la ushirika la Joie Chitwood na Tony Bettenhausen. Mzunguko wa kasi: Parsons. Kati ya vigogo watatu wa Alfa, Farina, Fangio na Fagioli, hakuna aliyekwenda. Magari ya kule yalifuata kanuni nyingine kabisa za ufundi, lakini pointi zake zilikuwa pointi halali za ubingwa, na anayeiruka safu hii atapungukiwa na madereva sita na pointi 24.

Bremgarten, Uswisi, 4 Juni, mizunguko 42. Farina, Fagioli, Rosier, Bira, Felice Bonetto. Mzunguko wa kasi: Farina.

Spa, Ubelgiji, 18 Juni, mizunguko 35. Fangio, Fagioli, Rosier, Farina, Ascari. Mzunguko wa kasi: Farina, ingawa alimaliza wa nne. Wekea alama nyota kando ya safu hii, tutairudia.

Reims, Ufaransa, 2 Julai, mizunguko 64. Fangio, Fagioli, Peter Whitehead, Robert Manzon, na wa tano gari la ushirika la Philippe Étancelin na Eugène Chaboud. Mzunguko wa kasi: Fangio.

Monza, Italia, 3 Septemba, mizunguko 80. Farina wa kwanza. Wa pili Ferrari ya ushirika ya Dorino Serafini na Ascari, kwani Ascari aliharibikiwa na gari lake akachukua la mwenzake. Wa tatu Fagioli, wa nne Rosier, wa tano Étancelin. Mzunguko wa kasi: Fangio, ambaye siku hiyo magari mawili yalimfia, lake na lile alilompokonya Piero Taruffi. Wekea nyota hapa pia.

Ukitazama majina utaona Alfa ilishinda mashindano yote sita ya Ulaya, na nyuma yake Rosier anaokota pointi kila mahali. Si bahati. Kanuni za Formula 1 ziliruhusu injini ya lita 1.5 yenye supachaja, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, au ya lita 4.5 isiyo nayo. Alfa ilikuwa na ile ndogo yenye supachaja, ya kasi kali na mlafi wa mafuta. Talbot ilikuwa na ile kubwa ya upole, iliyokunywa kidogo na kusimama mara chache, na mara nyingi ilikuwepo pale wengine walipolala.

Kujaza na kukagua

Jaza safu moja, ijumlishe, ndipo uende ya pili. Kila safu ina 8, 6, 4, 3, 2 na 1, na jumla yake ni 24. Ikitoka 23, umesahau mzunguko wa kasi. Ikitoka 30 Monza, umewapa Serafini na Ascari pointi 6 kila mmoja badala ya 3. Ikitoka 26 Indianapolis au Reims, umefanya kosa hilo hilo kwa wa tano: hao wanne, Chitwood, Bettenhausen, Étancelin na Chaboud, kila mmoja anastahili 1 kwa gari lake la ushirika.

Safu zote saba zikikubali, jumlisha kwa mlalo. Jumla yote lazima iwe hivi: Farina 30, Fagioli 28, Fangio 27, Rosier 13, Ascari 11, Parsons 9, Holland 6, Bira 5. Wenye 4 ni Chiron, Whitehead, Parnell na Rose. Wenye 3 ni Sommer, Giraud-Cabantous, Manzon, Green, Serafini na Étancelin. Bonetto ana 2, na wa mwisho ni Chaboud, Bettenhausen na Chitwood wenye 1. Jumlisha safu nzima uone 168, yaani 24 mara 7.

Sasa jumla inayohesabiwa. Kwa kila dereva zungushia duara matokeo yake manne makubwa, mengine yakate kwa kalamu ya rangi ya pili. Utagundua kalamu hiyo inaguswa mara moja tu. Farina alipata pointi katika mashindano manne kamili: 9, 9, 4, 8. Fangio pia manne: 9, 8, 9, 1. Rosier manne. Ni Fagioli peke yake aliyepata katika matano: 6 mara nne, na 4 ya Monza. Hiyo 4 inakatwa, anabaki na 24, na safu hii inajumlika 164. Mkikuta orodha inayompa Fagioli nafasi ya pili mbele ya Fangio, mwenye orodha hakukata.

Kosa ambalo 24 hailioni

Hapa ndipo zile nyota mbili zinapofanya kazi. Wengi hudhani pointi ya mzunguko wa kasi ni ya mshindi, kwa kuwa katika mashindano matano kati ya saba ilikwenda kwake kweli. Chukua mtu anayeijaza hivyo kote. Spa atampa Fangio 9 badala ya 8, na Farina 3 badala ya 4. Monza atampa Farina 9 badala ya 8, na Fangio sifuri badala ya 1. Safu zote mbili zinajumlika 24. Jumla za mlalo: Farina 9, 9, 3, 9, ambazo ni 30. Fangio 9, 9, 9, ambazo ni 27. Makosa mawili yamefutana, na jedwali lenye uongo ndani linatoa jibu la kweli. Ndiyo maana kosa hili limeishi muda mrefu.

Linakamatwa sehemu moja tu: simama baada ya Reims, kabla ya Monza, ujumlishe. Ukifuata kanuni Fangio ana 26, Fagioli 24, Farina 22. Ukipata Fangio 27 na Farina 21, rudi Spa.

Hesabu hiyo ya kati inafaa pia kwa maelezo ya mdomo, kwa sababu inaonyesha Farina alifika Monza akiwa wa tatu, nyuma kwa pointi 4. Akishinda bila mzunguko wa kasi anafikia 30, na hapo Fangio akimaliza wa pili tu anafika 32 na kuwa bingwa. Fagioli alikuwa kwenye kifungo kingine. Tayari alikuwa na matokeo manne ya 6, kwa hiyo lolote jipya lingeingia tu kwa kulitoa moja la zamani. Kumaliza wa pili kusingemwongezea hata pointi moja. Akishinda na kuchukua mzunguko wa kasi angefika 27, na hata hivyo alihitaji Fangio asipate kitu na Farina asivuke nafasi ya tatu. Mtu anayeliona hilo kwenye manila huelewa msimu kuliko aliyesoma orodha ya mwisho.

Kuzigeuza kanuni

Jedwali likishakamilika unaweza kuuliza ingekuwaje. Ondoa kanuni ya matokeo manne peke yake: Farina 30, Fagioli 28, Fangio 27, bingwa ni yule yule. Ondoa pointi za mzunguko wa kasi peke yake: Farina na Fangio wanapoteza 3 kila mmoja, wanabaki 27 na 24, na Fagioli ana 24. Bingwa bado Farina. Ondoa zote mbili kwa pamoja: Fagioli 28, Farina 27, Fangio 24. Bingwa wa dunia anakuwa mtu ambaye hakushinda shindano hata moja mwaka mzima! Kanuni mbili zilizoonekana za mapambo, zikiunganishwa, ndizo zilizompa taji dereva mwenye ushindi wa mara tatu.

Kwa wanaotaka kuweka pointi za leo, 25, 18, 15, 12, 10, kwa nafasi tano za kwanza tu: Farina 87, Fagioli 87, Fangio 75. Wamefungana juu, na Farina anashika usukani kwa idadi ya ushindi, 3 kwa 0.

Kupima kasi

Ukitaka kuongeza safu ya kasi ya mshindi, piga umbali gawanya kwa muda, usinakili. Silverstone ilikuwa kilomita 4.649 mara 70, yaani 325.4, karibu kama kutoka Kampala hadi Gulu. Farina alitumia saa 2, dakika 13 na sekunde 23.6. Kosa la kawaida ni kuandika 2.13 kwenye kikokotoo, na kupata kilomita 152.8 kwa saa. Geuza dakika na sekunde kwanza: dakika 13 ni sekunde 780, jumlisha 23.6, gawanya kwa 3,600, upate 0.223. Kisha 325.4 gawanya kwa 2.223, jibu ni 146.4.

Kwa njia hiyo hiyo Monaco, kilomita 318 kwa saa 3, dakika 13 na sekunde 18.7, inatoa 98.7. Monza, kilomita 504 kwa saa 2, dakika 51 na sekunde 17.4, inatoa 176.5.

Indianapolis ina mitego miwili. Wa kwanza, shindano hilo huitwa la maili 500, lakini mwaka huo mvua ililikatiza baada ya mizunguko 138, yaani maili 345. Ukiweka 500 utapata kilomita 289 kwa saa, na hapo mwenyewe utashtuka. Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haushtui. Ukiweka 345 bila kugeuza maili kuwa kilomita, kwa muda wa saa 2, dakika 46 na sekunde 56, unapata 124, namba inayokaa vizuri tu kati ya Monaco na Silverstone. Ni maili. Zidisha 345 kwa 1.609 kwanza, utapata kilomita 555, na kasi ni karibu 199.5.

Yasiyoingia

Mwaka 1950 kulikuwa na mashindano mengine mengi ya Formula 1 yasiyokuwa ya ubingwa. Fangio alishinda Pau na San Remo mwezi Aprili, kabla ya Silverstone, na hakuna pointi hata moja iliyotoka huko. Ukiona Fangio ana zaidi ya ushindi 3, mmojawapo umetoka kwenye kapu hilo. Waliozoea pointi za ligi yetu ya rali wasijaribu njia hii kwenye mbio za rali za Safari za kwanza, za 1953, pia, zile zilizopita Uganda, Kenya na Tanganyika: kule magari yaligawanywa madaraja kwa bei yake ya dukani, na hakukuwa na mshindi wa jumla.

Ukiendelea na miaka inayofuata

Msimu wa 1951 una mashindano manane, bado kwa matokeo manne bora, na jumla yote ni 192. Angalia Reims: ushindi wenyewe ni wa ushirika, Fagioli na Fangio, 4 kila mmoja, na Fangio anaongeza 1 ya mzunguko wa kasi. Fangio anaishia na 37, zinahesabiwa 31. Mwaka 1954 matokeo yanayohesabiwa yanakuwa matano.

Mwaka huo wa 1954 ndio unaovunja vikokotoo. Silverstone muda ulipimwa kwa sekunde nzima tu, madereva saba wakaonekana wana mzunguko wa kasi ule ule, na pointi 1 ikagawanywa kwa saba. Usiandike 0.14, kwa maana mara saba ni 0.98, na safu itajumlika 23.98 ukahangaika kutafuta kosa lisilokuwepo. Andika 1/7 kwa kila mmoja wao, ubaki na sehemu hizo mpaka mwisho wa jedwali.